Uzi wa viungo vya majani nyumbani: giligilani, mnanaa, mrehani na wenzake, kwa anayeanza na ndoo moja

#1 Mleta uzi (Dar)

Wanajamvi, salaam.

Uzi huu niliuahidi siku nyingi, leo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika. Ni kuhusu kuotesha viungo vya majani nyumbani: giligilani (Pwani na Visiwani wengi wanaita kotmiri, Nairobi dania), mnanaa, mrehani, mchaichai, vitunguu majani na rozimeri. Naishi nyumba ya kupanga, vyumba viwili na kibaraza cha nyuma ambacho ukinyoosha mikono unagusa ukuta huu na huu. Shamba sina. Nina ndoo, madumu na viroba, na huu ni mwaka wa nne sijanunua mnanaa wala mchaichai. Giligilani bado nanunua miezi ya joto, nitaeleza kwa nini.

Nianze na kifo cha mimea, maana wengi wanaishia hapo na hawarudii tena. Giligilani yangu ya kwanza niliipanda kwenye dumu la lita 5 nililolikata ubavuni. Nilinunua pakiti ya mbegu duka la pembejeo, nikajaza udongo wa uani, nikawa namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Siku ya tisa zikatoka. Siku ya kumi na tano miche ikaanza kulala, mmoja mmoja, imenywea pale shina linapotoka ardhini kama imekabwa na uzi. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Wiki iliyofuata nilipolipindua dumu, udongo ulitoka kipande kizima, mweusi, unanuka mtaro, na chini maji yamesimama. Dumu lile sikulitoboa hata tundu moja.

Tangu siku hiyo nimeombwa ushauri na majirani wengi ambao mimea yao "imekataa", na mara nyingi nikiinua chombo nakuta ni yaleyale: hakuna tundu, au lipo moja dogo limezibwa na udongo. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukishiba maji muda wote, hewa haina pa kupita, mizizi inaoza, na ukungu unakamata miche. Halafu mmea wenye mizizi iliyooza unanyauka juu kama wenye kiu, ndiyo maana tunaumwagia tena.

Kwa hiyo chombo kwanza. Ndoo iliyokuwa na mafuta ya kula inafaa sana, dumu linafaa, kiroba cha mchele kinafaa, beseni lililopasuka linafaa. Vyombo vilivyobeba rangi, dawa za wadudu au oili ya gari viache, haya majani tunakwenda kuyala. Pasha msumari wa inchi 4 kwenye mkaa, ushike na koleo, toboa matundu sita au manane chini. Kisha kiinue chombo juu ya vipande viwili vya tofali, maana ndoo ikikaa bapa juu ya sakafu ya saruji matundu yanazibika.

Udongo wa uani peke yake ndani ya ndoo unashikamana kama tofali. Mimi nachanganya makopo mawili ya udongo wa juu, kopo moja la samadi iliyoiva na kopo moja la mchanga wa mto. Samadi iliyoiva haina joto, hainuki, na ukiifikicha inapukutika kama kahawa. Mbichi inaunguza mizizi. Mchanga wa ufukweni usiutumie kabisa, una chumvi.

Sasa, uanze na nini? Hapa ndipo nina msimamo. Anayeanza asianze na pakiti ya mbegu. Aanze na fungu la sokoni. Mnanaa, mchaichai na vitunguu majani vinaota kutokana na kilekile unachonunua kupikia, na ndani ya wiki mbili unaona matokeo. Mtu akishaona kitu kimoja kimeota mkononi mwake, hata giligilani ikimfia atajaribu tena.

Mnanaa: chukua fungu la kutia kwenye chai, chagua vikonyo vigumu kidogo visivyo na weusi. Kata chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapotokea, kipande kiwe sentimita 10 hivi. Ondoa majani ya chini, bakiza manne au sita ya juu, simamisha kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga ila si juani. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kati ya siku ya 7 na ya 14 utaona nyuzi nyeupe zinachomoza vifundoni. Zikifika sentimita 3, hamishia kwenye udongo, weka kivulini siku tatu nne, kisha upeleke kwenye jua la asubuhi. Na mnanaa mpe chombo chake peke yake. Unatambaa chini kwa chini na baada ya miezi michache utakuwa umemmeza jirani yake.

Mchaichai: tafuta bua lenye kitako kigumu cheupe, na kama lina kipande cha mzizi ndiyo bora kabisa. Lililokatwa juu ya kitako halioti hata ufanyeje. Nalo litie majini, likitoa mizizi lipeleke kwenye ndoo ya lita 20, maana linakua kichaka. Mashina matatu yananitosha kwa chai ya nyumba nzima.

Vitunguu majani ndiyo rahisi kuliko vyote. Ukikata vya kupikia, bakiza sentimita 3 au 4 za chini zenye mizizi yake, zichomeke kwenye udongo. Kesho yake asubuhi utakuta kidole cha kijani kimeanza kuchomoza katikati.

Giligilani ndiyo kipenzi na ndiyo yenye masharti. Kile tunachoita mbegu ni tunda kavu lenye mbegu mbili ndani. Limwage juu ya ubao, viringisha chupa juu yake kwa uzito wa mkono tu mpaka yapasuke vipande viwili, usiyasage. Loweka usiku mmoja, panda kina cha sentimita 1, palepale itakapokulia, kwa sababu ina mzizi mmoja mrefu na kuhamishwa inachukia. Chombo kiwe na kina cha sentimita 20 walau. Inatoka siku ya 7 hadi ya 14, na wiki ya tano au ya sita unaanza kuvuna. Ikikutana na joto kali inapanda shina, majani yanakuwa membamba kama nyuzi, inatoa maua, ndiyo basi. Kwa Dar mimi napanda kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 8, kidogokidogo kila baada ya wiki mbili tatu, ili moja ikizeeka nyingine iko njiani. Desemba mpaka Machi sijisumbui.

Kumwagilia: chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Pakiwa pabichi, acha. Pakiwa pakavu, mwaga mpaka maji yatoke chini, kisha uache mpaka pakauke tena. Ratiba ya "asubuhi na jioni" ndiyo iliyoniulia dumu langu.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mdau wa Tabata

Shukrani sana mkuu, somo limeniingia. Mimi nipo ghorofa ya tatu, kibaraza kimeelekea upande mmoja tu, pembeni kote ukuta. Mwaka jana mwezi wa 11 nilianza na mnanaa na pilipili, jua lilikuwa linapiga vizuri sana. Kufika mwezi wa 6 jua halikanyagi kabisa, mimea ikarefuka, ikapauka, ikafa. Nilidhani jirani kajenga kitu kimeniziba, kumbe hakuna kitu. Tatizo nini?

#3 Mleta uzi

Mkuu umeuliza swali ambalo watu wengi wanalipita. Bila shaka kibaraza chako kinatazama kusini. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana linakuwa utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi jua linapita upande wa kusini, ndiyo maana Novemba ulikuwa nalo. Kuanzia Machi mpaka Oktoba linahamia kaskazini, na kibaraza chako kinabaki na mwanga wa pembeni tu.

Sogeza ratiba. Oktoba mpaka Februari weka mrehani na pilipili, vinavyotaka jua la saa sita na zaidi kwa siku. Miezi ya katikati ya mwaka weka mnanaa na vitunguu majani, vinavumilia mwanga mdogo, ila vikaribishe ukingoni kabisa na upunguze maji, kwa sababu kivulini udongo unachelewa kukauka. Kibaraza kinachotazama kaskazini ni kinyume chake, na huyo ana bahati na giligilani, maana anapata jua msimu uleule wa ubaridi.

Nasisitiza hili kwa sababu video nyingi mtandaoni zinasema "weka dirisha la kusini". Hao wako Ulaya na Marekani, kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima.

#4 Mdau wa Nairobi

Niko Nairobi na naunga mkono. Kwetu huku jua linagawana karibu nusu kwa nusu, miezi sita upande huu, sita ule, kwa hiyo mwenye balkoni ya upande mmoja lazima ahame na misimu.

Kuhusu dania: sijawahi kununua mbegu ya pakiti. Nachukua ile nzima ya dukani, ile ya kusaga na kutia kwenye mchuzi, na inaota vizuri mradi isiwe imekaangwa wala haijakaa kabatini miaka. Jaribu chache kwanza kwenye kitambaa kibichi kabla hujajaza chombo. Na tahadhari moja: mbegu za agrovet mara nyingi zimepakwa dawa, utaziona zina rangi ya waridi au kijani. Zikibaki usizisage ukatia chakulani. Mama mkwe nusura afanye hivyo, nilimkuta ameshazimwaga kwenye kinu.

Baridi ya Julai dania yangu haisumbuki kabisa. Inakua polepole lakini inakaa muda mrefu bila kutoa maua.

#5 Mdau wa Unguja

Wanangu nawasoma hapa nafurahi. Mimi nataka nizungumzie mrehani kwa sababu naona mmeupita haraka.

Kwetu mrehani tumekua nao uani. Mama yangu alikuwa akiukata jioni, akitunga vikuba kwa asumini na mkadi. Kwa hiyo vijana wakiniuliza nitapata wapi mmea ule wa Kitaliano wa kutia kwenye tambi na piza, huwaambia nendeni kwa bibi zenu. Ni mrehani. Jamii ni ileile, ila wa kwetu una majani madogo na harufu kali zaidi, wao wamechagua wenye majani mapana na laini. Msichanganye na kivumbasi. Huyo ni ndugu yake, harufu yake ni nyingine na wengi tunamtumia kufukuzia mbu.

Mbegu zake ni ndogo, nyeusi, na ukizitia maji zinavaa utando kama wa ute. Ndivyo zilivyo, si kwamba zimeoza. Zinyunyize juu ya udongo ulolainika, funika na vumbi jembamba sana, usimwage maji kwa kopo maana zitakimbilia pembeni zote. Nyunyiza kwa vidole. Siku tano hadi kumi zinatoka.

Siri ya mrehani iko kwenye kukata. Ukishafika jozi tatu za majani, kata kichwa juu ya jozi ya pili. Inauma kuukata mmea uliousubiri, najua, lakini tazama pale kwapani mwa kila jani: kuna kijani kidogo kama kichwa cha pini. Ukikata juu yake, viwili vile vinakuwa matawi. Wiki mbili tatu unakata matawi yale nayo yanazaa mawili mawili. Mmea wangu mmoja wa ndoo unatutosha watu saba. Ukiona kishada cha maua kinaanza, kivunje, isipokuwa ukitaka mbegu au kikuba.

#6 Mleta uzi

Asante sana mama yangu. Hilo la kwapani mwa jani ndilo nililoshindwa kulieleza vizuri. Wadau, kanuni hiyohiyo itumieni kwenye mnanaa: katia juu ya kifundo, usichume jani mojamoja kuanzia chini ukaacha kishina kirefu kitupu. Na kwa mara moja usichukue zaidi ya theluthi ya mmea.

#7 Mdau wa Mbezi

Wakuu mimi maji yangu ni ya kisima na yana chumvi, hata sabuni haitoi povu. Kila ninachopanda ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia, na juu ya udongo kunakuwa na unga mweupe. Jirani ananiambia niongeze mbolea.

#8 Mleta uzi

Usiongeze mbolea ndugu yangu, utazidisha tatizo. Unga ule ni chumvi. Kila ukimwagilia, maji yanaruka hewani, chumvi inabaki, na kwenye ndoo haina pa kwenda. Mizizi inashindwa kunywa hata kama udongo umelowa.

Kama unaweza, kinga maji ya mvua. Bati la upana wa meza tu likiinamishwa kwenye pipa siku ya masika linakupa maji ya wiki kadhaa kwa ndoo nne, ila funika pipa kwa neti mbu wasizaliane humo. Ukikosa, changanya nusu ya kisima na nusu ya bomba. Na mara moja kwa mwezi chukua maji yasiyo na chumvi, mwaga kwenye ndoo taratibu kiasi cha mara mbili ya ujazo wake, yatoke chini yote. Yanashuka na chumvi. Unga wa juu ukwangue uutupe. Bila matundu ya kutosha hata hii haiwezekani, ndiyo maana nilianza na msumari.

#9 Mdau wa Morogoro

Mleta uzi umesahau jambo muhimu: chini ya ndoo lazima uweke kokoto inchi mbili ili maji yachuje. Mimi nimefundishwa hivyo tangu shule ya msingi na nimefanya hivyo siku zote.

#10 Mleta uzi

Mkuu nami nilifundishwa hivyo, na nilikuwa nafanya. Naomba ujaribu kitu kimoja nyumbani. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweke, iweke juu ya kokoto. Maji yatadondoka kidogo kisha yatakoma, na ukiiminya upande wa chini utakuta bado umejaa maji. Udongo laini unafanya vilevile. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake umeshiba kabisa. Kwa hiyo kokoto hazikaushi udongo, zinapandisha tu ile tabaka iliyolowa ikaribie mizizi, na unapoteza inchi mbili za udongo kwenye ndoo ambayo tayari ni fupi.

Ninachofanya ni kukata kipande cha chandarua kuukuu, nakitandika juu ya matundu ili udongo usitoke, basi. Kinachochuja maji ni mchanganyiko wenyewe. Ukikosa mchanga, maganda ya mpunga yanasaidia, na Pwani tuna makumbi ya nazi: yaponde, yaloweke, mwaga maji mara mbili tatu, kisha changanya.

#11 Mdau wa Mbeya

Niongezee rozimeri maana huku nyanda za juu inastawi mpaka watu wanaifanya uzio.

Asili yake ni nchi za Bahari ya Mediterania, kwenye mawe, jua na upepo. Kwa hiyo yale mapenzi ya maji ndiyo yanayoiua haraka kuliko mmea wowote uliotajwa hapa. Kata tawi changa la sentimita 10, lile ambalo bado linapinda bila kuvunjika, toa majani ya nusu ya chini, lichomeke kwenye mchanga mtupu wenye unyevu. Weka kivulini. Wiki nne hadi nane. Wengi wanaling'oa wiki ya pili kuangalia kama lina mizizi, na hapo wanakivunja kilichokuwa kinaanza. Livute kwa upole tu, likikataa kutoka ujue limeshika.

Kwenye chombo tia nusu mchanga. Acha ikauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Ukivuna, kata sehemu ya kijani tu, usishuke kwenye mti mtupu usio na majani, mara nyingi hapachipui tena.

Kwa huku kwetu mrehani ndio unaotutesa. Juni na Julai usiku ukishuka baridi kali majani yanakuwa meusi. Naingiza ndani jikoni mpaka Agosti.

#12 Mdau wa Mombasa

Salaam. Mimi kotmiri yangu ilipendeza wiki nne, sasa chini ya majani kuna vijidudu vya kijani, laini, vimebanana, na majani yamejikunja na yananata. Sisimizi nao wanapanda na kushuka. Nipulize dawa gani?

#13 Mleta uzi

Hao ni vidukari ndugu yangu, wananyonya utomvu. Sisimizi wamefuata ule utamu unaonata, na wanawalinda. Dawa za dukani za mboga kila moja ina siku zake za kusubiri kabla ya kula, na kotmiri unayochuma kila jioni haina nafasi ya kusubiri. Fanya hivi: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, puliza jioni jua likishalala, na lenga chini ya majani, juu hawapo. Asubuhi suuza kwa maji safi. Rudia baada ya siku nne. Shina lililojaa kabisa likate ulitupe mbali. Sabuni inamuua yule inayemgusa tu, kwa hiyo usipuuze upande wa nyuma wa kila jani.

Konokono wakubwa wa masika hao hakuna dawa nzuri kuliko tochi. Toka saa mbili usiku, waokote ukiwa umevaa mfuko mkononi, na majani yaoshe vizuri kabla ya kula mabichi kwenye kachumbari.

#14 Mdau wa Uswidi

Nawasalimu kutoka Stockholm. Huku Desemba mchana ni kama saa sita tu na jua liko chini kabisa, kwa hiyo miezi hiyo bila taa mrehani hauendi popote, unanyong'onyea dirishani. Kuanzia Machi dirisha la kusini linatosha.

Niwape wenzangu wa ughaibuni mbinu moja. Ule mrehani wa kopo wa supamaketi unaokufa baada ya wiki mbili si ugonjwa. Angalia chini: ni miche ishirini na zaidi imebanana kwenye kikopo kimoja ili ionekane kichaka. Ukifika nyumbani upindue, lowesha udongo, upasue vipande vinne kwa mkono bila kuogopa kukata mizizi michache, kila kipande kopo lake na udongo mpya. Nilinunua mmoja mwezi wa 4, mpaka mwezi wa 9 nikawa natia kwenye mchuzi wa samaki kila wiki.

#15 Mdau wa Mbagala

Vipi maganda ya mayai na maji ya kuoshea mchele? Mtaani ndiyo mbolea yetu.

#16 Mleta uzi

Maji ya mchele mwaga, hayadhuru, ila usiyategemee kuwa chakula. Maganda ya mayai yanachukua miezi mingi kuoza, kwa hiyo yatie kwenye mboji na si kwenye ndoo ya giligilani itakayovunwa wiki ya sita. Kinachotakiwa na majani ni naitrojeni, na kwangu inatoka kwenye samadi iliyoiva: konzi moja juu ya udongo kila baada ya wiki sita kwa mnanaa na mchaichai, kisha maji. Rozimeri usiipe, ikinenepa inapoteza harufu.

#17 Mdau wa Tabata

Nimerudi na mrejesho. Siku ile ya uzi nilitoboa ndoo mbili. Mnanaa umetoa mizizi siku ya kumi, nimepanda. Giligilani nilipasua kwa chupa kama ulivyosema, leo ni siku ya tisa, na nilipoinua gazeti nililofunikia nimekuta vijani viwili viwili vyembamba vimejikunja, vimebeba maganda yao kichwani, kama thelathini hivi. Mwanangu wa miaka sita anavihesabu tangu asubuhi. Nifanye nini sasa?

#18 Mleta uzi

Hongera sana mkuu, umenifurahisha. Gazeti litoe sasa hivi, lisirudi, miche ikikaa gizani hata siku moja zaidi inarefuka na kulala. Peleka ndoo kwenye mwanga wa asubuhi. Maganda usiyavute kwa mkono, yatadondoka yenyewe. Leo usimwagilie kama udongo bado unashika kidole. Majani ya kwanza ni marefu na laini, hayana mikato. Yakija ya pili yenye mikato ya giligilani, punguza, bakiza mmoja kila sentimita 5. Ile unayoing'oa usiitupe, ioshe, mpe kijana aitie kwenye supu yake.

#19 Mdau wa Tabata

Gazeti limetoka. Ndoo ipo ukingoni. Anauliza kama anaweza kuonja mmoja leo.

#20 Mleta uzi

Mwambie achague uliobanana na mwenzake.